Chanjo Iliyobeba Virusi Vingine: Yaliyowakuta Vifaranga wa Japan

Mwezi huu swali linalonifuata kila kijiji ni hili: je, chanjo yenyewe inaweza kuleta ugonjwa? Imewahi kutokea, na ni vizuri ujue ilikuwaje, maana habari nusunusu ndizo zinazofanya watu waache kuchanja.

Tuanze na mareksi. Mwaka 1907 József Marek, daktari wa mifugo wa Hungaria, alieleza kuku wanaopooza, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kupata chanjo. Iliyoenea zaidi ilitokana na virusi vya bata mzinga, ndugu wa virusi vya mareksi ila havimdhuru kuku. Kifaranga alichomwa siku ya kwanza, na hasara ikapungua sana.

Lakini virusi vya chanjo lazima vioteshwe ndani ya seli hai, na seli hizo hutoka kwenye mayai yenye viinitete vya kuku au bata. Tetea akiwa na virusi vingine, anaweza kuvipitisha kwenye yai. Vingine haviui seli, kwa hiyo kwenye chupa ya maabara kila kitu kinaonekana salama.

Mwaka 1974 nchini Japan, vifaranga waliochanjwa mareksi walianza kudumaa. Manyoya yao yalikuwa na kasoro, wengine walipungukiwa damu. Uchunguzi ulikuta ndani ya chanjo virusi vya retikuloendotheliosisi, kwa kifupi REV. Australia nayo ikapatwa na jambo hilohilo miaka michache baadaye.

Kudumaa kulionekana kwa macho. Hasara kubwa zaidi haikuonekana. Kifaranga ana tezi ya shingoni na kifuko kidogo juu ya mkundu, kilekile kinachoshambuliwa na gumboro. Hapo ndipo askari wa mwili wanapofundishwa kazi. REV ikiingia siku ya kwanza, mafunzo hayajakamilika, viungo hivyo husinyaa. Baadaye unamchanja kideri, mwili hautengenezi kinga ya kutosha. Kideri kikipita, kuku wanakufa, na mfugaji anailaumu chanjo ya kideri ambayo haina kosa lolote! Ndiyo maana tatizo la namna hii ni gumu kulikamata.

Mwaka 1979, hukohuko Japan, Yuasa na wenzake walitangaza virusi vingine vinavyomaliza damu ya vifaranga na kudhoofisha kinga. Navyo hupita kwenye yai. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba vinasaba vya REV vilikuwa vimejipachika ndani ya virusi vya ndui ya kuku, vya chanjo na vya mashambani pia. Hapo hata kusafisha mayai pekee hakutoshi, inabidi mbegu ya chanjo yenyewe ipimwe.

Matukio haya yaliwafanya watengenezaji wakaze utaratibu: mayai ya makundi yanayofugwa peke yao na kupimwa mara kwa mara, na kila toleo la chanjo kupimwa kabla ya kuuzwa. Chanjo yetu ya kideri ya matone ya jicho, I-2, nayo huoteshwa kwenye mayai, hivyo usafi huo unaihusu.

Kwa maoni yangu, huku kwetu chanjo nyingi hushindwa kwa sababu ya joto, kupitwa na muda au kuchanja kuku ambao tayari wanaumwa. Usiache kuchanja kwa sababu ya Japan. Ila wewe muuza dawa, usiuze chanjo iliyotolewa kwenye pakiti yake, na usinunue kwa mtu wa njiani asiye na risiti. Mfugaji, andika jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe kwenye daftari la banda. Vifaranga wakianza kudumaa wengi kwa pamoja baada ya chanjo, lete daftari hilo pamoja na kuku wawili watatu walio hai. Bila namba ya toleo, maabara haina pa kuanzia.