Zaburi za Hasira Katika Milima ya Masisi

Katika shirika letu yuko mama mmoja ambaye hasemi ombi la tano la Baba Yetu. Anasali pamoja nasi mpaka mkate wa kila siku, halafu ananyamaza na kuinamisha kichwa. Tukifika kwenye kishawishi, sauti yake inarudi. Alipokuwa msichana, baba yake na kaka zake wawili waliuawa katika vita vya Masisi. Siku ya kilio mtu mmoja, ambaye sitamtaja, alimwambia kwamba mkristu halii namna hiyo, tena hasira ni dhambi. Tangu siku ile alinyamaza. Nilipomwuliza, alinijibu: «Mwalimu, nikilisema ombi lile nitakuwa namdanganya Mungu.»

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kulitafuta, na haya ndiyo niliyoyaona njiani.

Ugomvi ule ulianza zamani. Tangu mwaka 1937 mpaka 1955 serikali ya Wabelgiji iliwahamisha watu kutoka Rwanda, karibu 85,000, ikawaweka hasa katika nchi ya Wahunde, wapate kulima na kufanya kazi katika mashamba ya wazungu. Huko Gishari walipewa utawala wao wenyewe. Mwaka 1957 utawala huo ukafutwa. Baada ya uhuru, kati ya 1963 na 1965, watu waliuana katika vita vilivyoitwa vya Kanyarwanda. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa wengi uraia, ile ya 1981 ikawanyang'anya. Basi upande mmoja ulisema: ardhi ya babu zetu imechukuliwa. Upande mwingine ulisema: tumezaliwa hapa, nasi tunaitwa wageni. (Wazee wakiyasimulia mambo haya huchukua usiku mzima, wala hawapatani.)

Jumamosi tarehe 20 Machi 1993, katika soko la Ntoto, Walikale, vijana wenye silaha wa Wahunde na Wanyanga waliwashambulia Wahutu. Vita vikapanda mpaka Masisi, Wahutu nao wakalipiza. Kwa miezi michache tu walikufa watu wanaokadiriwa kati ya 6,000 na 15,000, na wapata 250,000 wakaacha nyumba zao. Mwezi wa saba wa 1994 wakaingia wakimbizi wengi mno wa Rwanda, na kati yao askari na wauaji. Chuki ikapata mikono mipya.

Sasa nawaomba mtazame mahali pamoja: Mokoto, penye maziwa, katika Masisi. Watawa Watrapisti wa Scourmont, Ubelgiji, walianzisha monasteri huko mwaka 1954. Kazi yao ni kulima, kunyamaza na kuimba Zaburi, usiku na mchana. Mwezi wa tano wa 1996 mamia ya Watutsi walikuwa wamekimbilia kwao. Tarehe 12 ilikuwa Dominika ya sita ya Pasaka. Wenye silaha waliingia, wakawaua wengi ndani ya nyumba ile ya sala. Watawa walitawanyika, baadaye walijikusanya Keshero, pembeni ya Goma.

Nikajiuliza: mtawa aliyeimba Zaburi Mokoto, anaimba nini baada ya Dominika ile? Nikafungua Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo Watrapisti wanaifuata. Humo imeagizwa Zaburi zote 150 ziimbwe kila juma, hata zile zinazotisha. Iko Zaburi 88, ambayo inaishia gizani bila neno moja la faraja. Iko 137, ya wafungwa kule Babeli, ambayo mwisho wake msomaji hupenda kuuruka. Iko 109, ambayo mtu anamwomba Mungu awafanye watoto wa adui yake yatima. Hiyo 109, pamoja na 58 na 83, Kanisa liliziondoa katika Sala ya Vipindi iliyotangazwa na Papa Paulo VI mwaka 1970, kwa sababu ziliwatia watu shida moyoni. Naelewa sababu, wala sibishani na Kanisa. Lakini zimebaki katika Biblia, na Mtume Petro mwenyewe aliitaja 109 alipohubiri juu ya Yuda. Nadhani katika milima yetu tunazihitaji kuliko watu wa nchi zenye amani.

Kwa maana angalieni yule mtu wa Zaburi 109 anafanya nini. Hachukui panga, wala hawaiti vijana wa kijiji. Anamwambia Mungu yote aliyo nayo, yale ya aibu pia, kisha anamwachia. Katikati ya Zaburi mshitaki amesimama upande wa kuume wa mwovu. Mwishoni Mungu ndiye anayesimama upande wa kuume wa maskini. Hasira haikufichwa, ilipelekwa kwa hakimu. Bwana wetu Yezu Kristu naye hakunyamaza msalabani: alichukua mwanzo wa Zaburi 22, ambayo ni ya mtu aliyeachwa.

Kitu kingine nilikiona katika Kanuni ile, katika sura ya 13. Mtakatifu Benedikto anaagiza Baba Yetu isemwe kwa sauti mwisho wa masifu ya asubuhi na ya jioni, kwa sababu ya miiba ya ugomvi inayoota katika nyumba ya watawa. Yaani hata monasterini ombi la tano lina watu linalowachoma, nao hulisema baada ya Zaburi, si kabla yake.

Nikarudi kwa yule mama. Sikumwambia asamehe. Jioni tatu tulisoma pamoja Zaburi 13, 88 na 109, nyumbani kwake, na binti yake akiwapo. Tulipofika kwenye 109 alinishika mkono: «Mwalimu, hii imo katika Biblia kweli?» Nikamwonyesha. Akaomba nirudie. Halafu akalia kwa sauti, hata majirani wakaja, na binti yake akawaambia wamwache.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Tangu hapo vita vimepita tena katika Masisi na Walikale, na shirika letu tumelikusanya upya mara mbili. Jumamosi iliyopita tulisali Baba Yetu, na katika ombi la tano nilisikia sauti yake. Alisema nusu ya kwanza, ile ya makosa yetu sisi, akanyamaza. Sikumwuliza kitu.