Kubadili ruta ya nyumbani bila kupoteza vifaa vya waya

Ruta ya nyumbani haina budi kubadilishwa pale mtengenezaji anapoacha kuitolea marekebisho ya usalama. Wengi husita, wakihofia kwamba printa ya zamani au kamera ya mlangoni iliyounganishwa kwa waya haitafanya kazi tena. Waya wenyewe si tatizo: umbo la tundu lake ni lile lile la kanuni za mwaka 1990, na kifaa cha kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hupatana chenyewe na ruta ya megabiti 1,000.

Tatizo huwa kwenye anwani. Printa iliyopangiwa anwani ya kudumu, tuseme 192.168.1.50, haitaonana na ruta mpya inayotumia anwani zinazoanza na 192.168.0. Taa za tundu zitawaka, lakini karatasi haitatoka, na mwenye nyumba ataulaumu waya bure. Kwa hiyo, kabla ya kuizima ruta ya zamani, andika anwani yake, kisha uipe ruta mpya anwani hiyo hiyo. Hakikisha pia kwamba ruta mpya haiigawi namba ya printa kwa simu au kompyuta nyingine. Vikigongana, vyote viwili huyumba.

Ruta mpya ikiwa na matundu machache, ongeza swichi. Baadhi ya watu huitumia ruta ya zamani kama swichi, baada ya kuizuia isigawe anwani. Yawezekana, ingawa swichi ndogo ni rahisi zaidi: huchomekwa tu, haihitaji kupangwa.