Yulai: Soko Lililokufa Mageti Yalipoondolewa

Wadau wa magemu, kabla ya Jita kulikuwa na Yulai.

EVE Online, gemu ya anga za juu kutoka Iceland, ilitoka mwaka 2003. Nyota ziko mbali mno, hata mwanga unachukua miaka kufika. Kwa hiyo meli inaingia kwenye geti huku na kutokea nyota nyingine chapchap. Zamani hizo, pale Yulai palikuwa na mageti ya njia kuu za kwenda mbali, basi wachezaji wakajazana na mizigo yao. Hakuna aliyewaamuru. Waundaji wa gemu walipoziondoa zile njia za mkato, Yulai ikapoa. Wafanyabiashara wakahamia Jita, ambayo mpaka leo ndiyo Kariakoo yao.

Mtu wa Nyamagana hahitaji kuelezwa sana. Pale Kigongo na Busisi, foleni ya kivuko ndiyo ilikuwa soko lenyewe: samaki wa kukaanga, maji, mahindi ya kuchoma. Tarehe 19 Juni 2025 likazinduliwa daraja la JPM, kilomita 3. Sasa kuvuka ni dakika chache tu, na mgonjwa wa Sengerema anawahi Bugando. Hilo nani atalipinga?

Ila basi halina sababu ya kusimama tena. Mchezaji wa Yulai alipakia mali yake melini akaenda zake Jita. Mama wa samaki na beseni lake, wateja wanampita kwa juu, yeye Jita yake iko wapi?