Nyavu Zilitangulia Mbuta

Ukimuuliza mtu wa Ogembo bahari iko wapi, atakuonyesha upande wa Mombasa. Mimi humwonyesha mtoni. Gucha unatoka milima ya Kiabonyoru kule Nyamira, unapita hapa, unashuka Ujaluoni ambako unaitwa Kuja, unakutana na Mto Migori, kisha unamwagika Ziwa Victoria upande wa Nyatike. Ziwani maji hutokea Jinja, yakafuata Nile hadi Mediterania. Kwa hiyo hata sisi watu wa vilima tuna bahari, ila yetu iko kaskazini.

Nina kesi ya zamani na huu mto, na inamhusu samaki mmoja: ningu.

Ningu anaishi ziwani lakini hazalii huko. Mvua kubwa ikinyesha na mito ikifurika, yeye hugeuka na kupanda, anapigana na mkondo mpaka apate nyasi zilizofunikwa na maji kandokando ya mto. Hapo ndipo anataga. Vifaranga hukua kidogo kwenye maji hayo, halafu hurudi ziwani. Kuja ulikuwa mojawapo ya mito yake. Watu wa mtoni waliijua safari hiyo, wakamsubiri kwa migono na nyua za miti. Walivua wengi, ndiyo, lakini mto ukifurika sana ua hubebwa na maji, na samaki hupita.

Mwaka 1905 zikaja nyavu za kutega za nyuzi za kitani, zikaanza upande huu wa Kenya. (Mwaka huohuo Waingereza walileta askari Gusii kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mwaka mbaya, basi.) Wavu wa aina hii haumfuati samaki. Unasimama tu majini na yeye anajinasa mwenyewe. Kufikia 1927 ngege walikuwa wamepungua kiasi kwamba serikali ilimleta Michael Graham kutoka Uingereza kuchunguza. Ripoti yake ilipendekeza matundu ya wavu yasipungue inchi 5. Ushauri mzuri, lakini aliyefikiriwa zaidi alikuwa ngege, samaki wa biashara. Ningu ni mwembamba na shida yake ilikuwa mahali pengine kabisa: mdomoni mwa mto.

Hebu fikiria. Samaki wote wenye mayai wanapita mlango mmoja, majuma yaleyale, kila mwaka. Ukiziba mlango huo kwa nyavu, hujavua samaki wa leo peke yake. Miaka ya 1950 nailoni ikaingia, imara kuliko kitani na isiyooza haraka, na masharti ya inchi 5 yakaanza kulegezwa. Mwaka 1965 D. A. Cadwalladr alichapisha makala kuhusu kuporomoka kwa uvuvi wa ningu, akanyoosha kidole kwa nyavu za midomoni mwa mito.

Tazama tarehe hiyo vizuri. Siku hizi kila kilichopotea ziwani tunamwekea mbuta. Ni kweli aliwamaliza fulu wengi mno, lakini mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na hakufurika mpaka miaka ya 1980. Ningu alikuwa ameshaanguka zamani. Mbuta ni mshtakiwa rahisi: ni mgeni, ni mkubwa, ana meno. Nyavu tulizitega sisi.

Na si watu wa ziwani peke yao, ati. Huku juu tumelima mpaka ukingoni, tukapanda mikaratusi, na mvua ikinyesha Gucha hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kanuni za mazingira za 2006 zilitaka ukingo uachwe bila kulimwa, kuanzia mita 6 hadi 30. Tembea kando ya mto huu uhesabu mahindi yaliyosimama ndani ya hizo mita 6. Mwenye shamba la robo ekari atakuuliza watoto watakula nini, na sina jibu jepesi la kumpa.

Mwaka 2004 Justus Rutaisire na Anthony Booth walichapisha matokeo ya kumtagisha ningu kwa homoni, mayai yakaanguliwa. Kwa hiyo vifaranga vinaweza kupatikana. Kinachobaki ni mlango wa Nyatike kuachwa wazi mvua za Aprili zinapoanza, na nyasi za kutagia kuwepo huku tunakolima.