Palapa B2 na Westar 6

Palapa B2 na Westar 6 ni setilaiti mbili za mawasiliano zilizopotea katika safari moja ya chombo cha anga cha Challenger mnamo Februari 1984, kisha zikaokolewa na wanaanga wa chombo kingine, Discovery, mwezi Novemba mwaka huohuo. Kabla ya hapo hakuna setilaiti iliyowahi kufuatwa angani, kukamatwa na kurudishwa duniani. Tukio hilo lilisifiwa sana, na lilistahili sifa. Hata hivyo halieleweki vizuri bila kulitazama pamoja na maafa ya Challenger yaliyofuata miezi kumi na minne baadaye, kwa kuwa yote mawili yanahusu jambo moja: uhalali wa kuhatarisha maisha ya watu kwa ajili ya mzigo ambao roketi isiyo na mtu ingeweza kuubeba.

Westar 6 ilikuwa mali ya kampuni ya Western Union ya Marekani. Palapa B2 ilikuwa ya Indonesia, nchi ya maelfu ya visiwa ambayo tangu 1976 ilikuwa ikiunganisha simu na televisheni zake kwa setilaiti. Zote mbili ziliundwa na kampuni ya Hughes kwa muundo mmoja: silinda iliyovikwa seli za kunasa nguvu za jua, inayozunguka kama pia ili isiyumbe.

Setilaiti ya namna hiyo hufanya kazi kilomita 35,786 juu ya ikweta. Katika kimo hicho huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha yenyewe, na kwa hiyo dishi likishaelekezwa kwake halina haja ya kuhamishwa. Vyombo vya Marekani kama Challenger viliishia kimo cha kilomita mia chache tu. Hatua iliyofuata ilitegemea injini ya fueli yabisi, iliyoitwa PAM, iliyofungwa chini ya setilaiti. Injini ya aina hii haina breki wala nafasi ya pili. Ikiwashwa huwaka mpaka fueli iishe, na ikiharibika njiani hakuna wa kuirekebisha.

Ndivyo ilivyokuwa. Westar 6 iliachiwa tarehe 3 Februari 1984. Mdomo wa injini, ule unaopitisha moto, ulivunjika muda mfupi baada ya kuwashwa, na setilaiti ikabaki katika obiti ya chini isiyo na faida kwa mwenyewe. Kazi ya kuiachia Palapa B2 ilisimamishwa kwa siku mbili ili wataalamu wachunguze. Hawakuona sababu ya kuizuia, wakaruhusu iendelee tarehe 6, nayo ikapatwa na kasoro ileile. Kampuni za bima zikalipa takriban dola milioni 180, na kwa malipo hayo setilaiti zikawa mali yao.

Katika safari hiyohiyo, tarehe 7, Bruce McCandless alikuwa mtu wa kwanza kuelea angani bila kamba. Alivaa mgongoni mtambo unaosukumwa na gesi ya naitrojeni, akajitenga na chombo kwa mita zipatazo 98. Mtambo huo ndio uliozaa wazo la kuzifuata setilaiti zilizopotea. Waongozaji wa ardhini wakazishusha kidogo kidogo na kupunguza kasi ya mzunguko wake hadi mtu aweze kuzikaribia.

Discovery iliruka tarehe 8 Novemba chini ya Frederick Hauck, pamoja na David Walker, Anna Fisher, Joseph Allen na Dale Gardner. Tarehe 12 Allen, akiwa na mtambo wa aina ileile mgongoni, alielea hadi kwa Palapa B2, akachomeka fimbo ndefu ndani ya mdomo wa injini yake na kuusimamisha mzunguko. Hapo mpango ukakwama. Fremu iliyotengenezwa ili ifungwe upande wa juu wa setilaiti haikuingia, kwa sababu kipande cha antena kilichomoza kuliko ilivyotarajiwa. Ikabidi Allen aishike setilaiti kwa mikono, juu ya kichwa chake, kwa zaidi ya saa moja huku Gardner akihangaika upande wa pili kufunga vifaa vya kuiwekea ndani ya chombo.

Wengi hudhani kwamba angani kazi kama hiyo ni nyepesi kwa kuwa kitu hakina uzito. Uzito kweli haupo, lakini tungamo lake lipo lote. Kitu cha zaidi ya nusu tani kikianza kusogea husogea kwa ukaidi, na ukitaka kukisimamisha lazima utumie nguvu ileile uliyotumia kukisukuma. Kingewabana kwenye ukingo wa chombo, mavazi yao ya anga yangeweza kutoboka. Hili la Allen kushikilia ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote katika safari ile, kubwa hata kuliko kule kuelea bila kamba kulikopamba magazeti.

Siku mbili baadaye Westar 6 nayo ilinaswa, na safari hii ilipangwa tangu mwanzo kwamba itashikiliwa kwa mikono, bila kujaribu tena fremu ile. Wanaanga wakapigwa picha na bango lililosema kwamba mzigo unauzwa. Lloyd's ya London, soko la bima lililozoea meli zinazozama, iliwatunuku nishani ya uokoaji wa mali.

Tarehe 28 Januari 1986 Challenger iliruka tena ikiwa na setilaiti ya mawasiliano ya NASA. Usiku wa kuamkia siku hiyo ulikuwa wa baridi kali, na wahandisi wa kampuni iliyounda roketi za pembeni walikuwa wameonya kwamba pete za mpira zinazoziba maungio yake zingekakamaa. Hawakusikilizwa. Chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu saba. Mmoja wao alikuwa Ronald McNair, aliyekuwamo katika safari ya Palapa na Westar. Mwingine alikuwa Gregory Jarvis, mhandisi wa Hughes, kampuni iliyounda setilaiti zote mbili.

Agosti mwaka huo Rais Reagan alitangaza kwamba vyombo hivyo havitabeba tena setilaiti za biashara. Uamuzi ulikuwa sahihi na ulichelewa. Ule mtambo wa mgongoni nao haukutumiwa tena baada ya safari ya Discovery.

Setilaiti zenyewe zilikarabatiwa na kuuzwa. Westar 6 iliruka tarehe 7 Aprili 1990 kwa roketi ya China kutoka Xichang, ikiwa na jina jipya la AsiaSat 1. Palapa ilirudi kwa Indonesia kwa roketi ya Delta tarehe 13 mwezi huohuo. Hakuna mtu aliyesafiri nazo.

Mwaka 1992 wanaanga watatu wa chombo cha Endeavour waliikamata kwa mikono setilaiti ya Intelsat iliyokwama katika obiti ya chini, wakaipa injini mpya. Tangu hapo ukarabati wa setilaiti za biashara umekuwa ukihamia kwa mashine: Februari 2020 chombo kisicho na mtu, MEV-1, kilijishikiza kwenye Intelsat 901, iliyokuwa ikiishiwa fueli, na kuirudisha kazini.