Klabu ni ya Nani?

Uketipo katika uwanja wa Intwari hapa Bujumbura, jiulize: klabu uishangiliayo ni ya nani? Mwaka 2005 familia ya Glazer kutoka Marekani iliinunua Manchester United kwa mikopo, na klabu yenyewe ikatwishwa deni. Mashabiki waliandamana miaka mingi. Tarehe 2 Mei 2021 waliingia uwanjani Old Trafford kwa nguvu, na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa. Sauti walikuwa nayo, kura hawakuwa nayo. Nchini Tanzania, Simba ilipomkaribisha mwekezaji mwaka 2017, kanuni za serikali ziliwawekea wanachama asilimia 51. Hiyo ndiyo tofauti: shabiki hupiga kelele, mwanachama hupiga kura. Uanachama hudaiwa kabla klabu haijauzwa.