Mashindano huamsha, pia huvuruga

Wazazi na walimu wengi wa michezo wanaamini kwamba ukitaka mtoto atoe nguvu zake zote, dawa ni moja tu: mpe wa kushindana naye. Imani hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mtu aliyelipima jambo hili kwa saa na daftari, zaidi ya karne moja iliyopita, alituachia nusu zote mbili. Sisi tukashika moja.

Mtu huyo ni Norman Triplett wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Katika miaka ya 1890 mbio za baiskeli zilipendwa mno nchini humo, na Triplett mwenyewe alikuwa mshabiki wake. Alichukua rekodi za chama cha waendesha baiskeli hadi mwisho wa msimu wa 1897, akazigawa mafungu matatu: waliokimbizana na saa peke yao, waliokimbizana na saa wakiongozwa na baiskeli nyingine mbele, na walioongozwa huku wakishindana na wenzao. Katika maili 25, walioongozwa walipunguza zaidi ya sekunde 34 kwa kila maili. Walioshindana walipunguza sekunde nyingine 5 hivi.

Triplett alijua kwamba anayetangulia humkatia upepo anayefuata. Kwa hiyo alitafuta kazi isiyo na upepo. Alifunga vigurudumu viwili vya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki, akawaita watoto wavizungushe ili kibendera kilichoshonwa kwenye uzi kizunguke mara nne. Mara mtoto alizungusha peke yake, mara akiwa na mwenzake ubavuni. Matokeo aliyachapisha mwaka 1898, na utafiti huo mara nyingi hutajwa kuwa wa mwanzo katika saikolojia ya michezo.

Sasa tusikilize hesabu ya watoto wale 40. Ishirini waliongeza kasi waliposhindana. Kumi hawakubadilika sana. Kumi waliobaki walirudi nyuma! Triplett aliandika kwamba walihema, nyuso zikawaiva, misuli ya mkono ikakakamaa. Hawakukosa hamu ya kushinda. Hamu ndiyo iliyowazidi.

Haki itendeke hapa. Mwaka 2005 Michael Strube alizipiga upya takwimu hizo kwa njia za kisasa, akaona kwamba tofauti aliyoipata Triplett ilikuwa ndogo, karibu ya kutiliwa shaka. Lakini swali lenyewe halikufa. Mwaka 1965 Robert Zajonc alikuwa ameshalipa ufafanuzi: mbele ya wengine, lile tulilolizoea ndilo hutoka kwa nguvu zaidi. Aliyekwisha kulimudu zoezi hupata faida. Anayejifunza bado, makosa yake ndiyo yanayotangulia.

Tukumbuke Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo, bila mtu wa kumkatia upepo, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. John Walker, mwenyeji aliyekuwa akimfukuza, alimaliza wa pili, naye pia akawa chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun. Siku ile, wa mbele na wa nyuma wote wawili walifika mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufika katika umbali huo. Lakini hawa walikuwa watu wazima, waliokwisha kuzimudu mbio zao kwa mazoezi ya miaka.

Mtoto wa darasa la nne anayejifunza kuruka juu si Bayi wala Walker. Tukimpanga mbele ya shule nzima, tukampigia kelele, kisha tukamwita mvivu anapokwama, huenda tumempoteza mmoja wa wale kumi. Yeye anahitaji kwanza kona tulivu ya uwanja, ajifunze pasipo macho mengi. Mashindano yatakuja baadaye, na yatamkuta tayari.

Basi mwalimu, kabla ya kupuliza filimbi, watazame watoto wako mmoja mmoja. Nani anaamka anapomwona mwenzake, na nani mkono unamkakamaa? Filimbi ni moja, lakini wanaoisikia si sawa.